Kosa Nililombebea Mgeni

Mtu akinitajia neno "kubadilishana", natafuta kitu cha kumrushia. Kubadilishana gani? Nikikupa mbuzi nawe ukanipa mbuzi, hapo tumebadilishana. Nikikupa mbuzi nawe ukanipa mkono, tabasamu na picha ya pamoja, hapo nimeibiwa mbuzi kwa adabu. Mimi niliibiwa kwa adabu, na ubaya zaidi ni kwamba mlango nilimfungulia mwenyewe.

Siku hizi nasimamia walinzi kwenye kiwanda kimoja kule Mavoko. Ni kazi ya halali na inaniweka mjini. Vijana ninaowasimamia huniita "madam" nikiwa mbele yao, na "luteni" nikishawapa mgongo, kisha wanacheka, kwa sababu wamesikia niliwahi kuwa afisa wa jeshi. Ni kweli, niliwahi. Nilikuwa luteni, tena luteni mzuri, na kama kuna kitu kimoja nilichowashinda wenzangu wote, kilikuwa ramani. Nimezaliwa Kivaa. Nimechunga mbuzi kando ya bwawa la Masinga kabla sijajua kuandika jina langu. Unifunge kitambaa machoni pale, unizungushe mara tatu, bado nitakuonyesha mto Tana uko wapi. Lishike hilo, maana kwenye faili langu imeandikwa kwamba sijui kusoma ramani.

Huko Ulaya wana mpango wao. Nchi kadhaa huchanganya maafisa wao vijana, wale waliovaa cheo juzijuzi, wakasoma na kufanya mazoezi pamoja muhula mzima. Leo wako kambi ya huyu, kesho ya yule. Wanasema ni afadhali wajuane wakiwa vijana kuliko kukutana mara ya kwanza kwenye hatari. Wazo lenyewe ni zuri, sina neno nalo. Mwaka ule wakaamua kulileta kundi moja kwetu kwa wiki tatu, na kila mgeni akapewa mwenzake wa hapa, wale pamoja, watembee pamoja, wakosee pamoja. Wiki tatu zikiisha, mmoja wetu angechaguliwa kwenda kwao kukaa darasa lile muhula mzima. Nasema mmoja. Tulikuwa kumi na wawili.

Niliitaka ile nafasi. Sitajifanya eti nilikuwa naangalia tu itakavyokuwa. Mkataba wangu wa jeshi ulikuwa unakaribia kuisha, na kila mtu kambini alijua kwamba atakayeenda akirudi atapandishwa cheo na kubaki, na wengine tutapeana mikono getini. Nyumbani mama alishaanza kunifumia sweta ya kijani ya kuvaa chini ya gwanda, kwa sababu alisikia huko baridi hupasua midomo. Nikamwambia, "Mwaitu, bado sijachaguliwa." Akaniambia nyamaza, baridi haingoji mtu achaguliwe.

Mgeni niliyepewa alikuwa luteni kama mimi, kijana mrefu mwenye nyusi nyeupe, kutoka nchi ambayo yeye mwenyewe alisema ni tambarare hivi kwamba ukipanda juu ya meza unaiona yote. Alikuwa na roho nzuri. Nalisema hilo makusudi, msije mkafikiri nasimulia habari za shetani. Alikula isyo, yaani mahindi na maharagwe yetu, sahani mbili bila kukunja uso. Aliwasalimia wapishi kwa Kikamba kibovu wakacheka mpaka sufuria ikaungua. Kiburi hakuwa nacho. Laiti angekuwa na kiburi, ningemjua mapema.

Jumapili ya kwanza tulipewa ruhusa ya kutoka, nikampeleka kwetu Kivaa. Mama alikuwa na mtungi wa udongo, mkubwa, mweusi kwa uzee, uliokaa pembeni mwa mlango tangu nikiwa mtoto. Maji yake yalikuwa baridi hata jua la saa saba liwe kali vipi. Mgeni akainuka kupokea chai, akarudi nyuma hatua moja na yale mabuti yake, na mtungi ukaenda. Maji yakajaa sakafuni mpaka chini ya kabati.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, na wa kwetu mnivumilie. Nyumbani kwetu kosa la mgeni hubebwa na mwenyeji. Mgeni akivunja kikombe, mwenye nyumba hukimbilia kusema ni yeye aliyekiweka vibaya. Mgeni naye hukataa, aseme hapana, ni mkono wangu. Mwenyeji aseme ni mimi. Mgeni aseme ni mimi. Mnaenda hivyo mara mbili tatu, kisha mmoja anacheka, na kosa lile linakuwa si la mtu tena. Hakuna anayekaa chini kufundishwa hayo. Mtoto huyaona tu, kama anavyoona watu wakinawa mikono kabla ya kula.

Basi mama akaruka. "Aiya! Ni mimi! Ni mimi niliyeuweka njiani kama mtu asiye na akili!" Nikamtafsiria mgeni. Yeye akamtazama mama kwa huruma, akamwekea mkono begani, akaniambia, "Mwambie asijali. Haya hutokea. Bora hakuna aliyeumia."

Alimsamehe mama yangu kwa mtungi alioupiga teke yeye mwenyewe.

Mama alichutama pale na vigae mikononi, akimngoja. Alingoja muda mzuri tu. Alipoona hakuna kitu kinachorudi, akainuka, akachukua ufagio, akamimina chai nyingine. Jioni akitusindikiza, akanivuta kando. "Huyu mgeni wako ni mtu mzuri," akasema. "Lakini hajui kurudisha. Ukimbebea kitu, ujue umekibeba peke yako." Nikacheka! Nilicheka, jamani, nikamwambia, "Mwaitu, hao ni Wazungu, hawajui mambo yetu, tuwaache tu." Mkubwa akinena hukosi la kuokota, na mimi nililiona likianguka nikaliruka.

Wiki ya mwisho ikaja na zoezi kubwa la matembezi. Sehemu yenyewe, utafikiri Mungu ananitania, ikawa kando ya bwawa la Masinga, huko huko nilikochunga mbuzi. Vifaa vya satelaiti vilikusanywa vyote, tukaachiwa ramani na dira. Kila siku kundi lilipewa kiongozi mwingine, na siku ile zamu ilikuwa ya mgeni wangu. Tulikuwa wanane, wageni wanne na wenyeji wanne. Mpango wake ulikuwa rahisi. Tufuate ukingo wa maji, tuhesabu mahali maji yanapoingia nchi kavu mara tatu, na pale pa tatu tupinde kulia kupanda kwenye barabara. Ramani ilichorwa bwawa likiwa limejaa. Sisi tulikuwa katikati ya kiangazi, na maji yalikuwa yamerudi nyuma mbali sana, yakaacha tope lililokauka juu na bichi chini. Ukingo aliokuwa anaufuata haukuwa kwenye karatasi yoyote duniani.

Nilimwambia. Sikumwambia kwa sauti, lakini nilimwambia. "Msimu huu maji yako chini sana. Huu ukingo si ule." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari za hali ya hewa. Saa moja baadaye nikamwambia tena, nikamwomba aipime dira. Akasema tukifika pa tatu ataipima. Hata mnunuzi mmoja wa ng'ombe, Msomali mwenye duka lake Kithyoko, alipokutana nasi na mifugo yake, alisimama akatushangaa. "Nyinyi mnaenda wapi? Hii maji imehama, barabara mmeiacha huko nyuma." Mgeni akamshukuru kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama yule bwana alitaka kutuuzia ng'ombe.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukuichukua ramani? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko yeye. Kumnyang'anya mgeni ramani mbele ya watu wake ni kumvua nguo. Hiyo ni sababu moja. Ya pili naisema kwa aibu. Kulikuwa na mtu mwenye kalamu aliyetupima tunavyoshirikiana na wageni, na niliogopa nisiandikwe mkaidi, nafasi ikaponyoka. Nikafunga mdomo nikafuata.

Tukazama. Tope lilitushika mpaka magotini, maji ya kunywa yakaisha, na afisa mmoja wa kike wa kundi lao akaanguka kwa joto, akiongea maneno yasiyoeleweka. Tulimbeba kwa zamu. Lori lilitumwa kututafuta na tukafika saa kumi badala ya saa sita, tumepakwa matope kama nguruwe. Yule dada alipona siku iliyofuata, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kwao, zoezi likiisha watu hukaa duara, cheo kinawekwa kando, na kila mmoja anasema alikosea wapi. Kuna karatasi pia. Unaandika kosa lako, unatia saini. Mkufunzi wao, kapteni mmoja wa kike mwenye sauti ya upole, alitueleza tangu siku ya kwanza kwamba karatasi ile si ya kumwadhibu mtu, ni ya kujifunza. Kwao naamini ni kweli.

Tulikaa duara chini ya turubai. Kapteni akauliza nani ataanza. Nikamwona mgeni wangu anavuta pumzi, ameshaweka mikono magotini ainuke, uso mwekundu mpaka masikioni. Na mimi, mtoto wa mama yangu, nikamtangulia. Kwetu mwenyeji hachelewi. Nikasimama nikasema, "Kosa la njia lilikuwa langu. Mimi ndiye wa hapa. Nilijua maji yamehama, ningewazuia."

Nikaketi, nikangoja alirudishe.

Mikono yake ikalegea magotini. Akashusha pumzi ndefu, akanitazama kwa macho yenye shukrani ya kweli, na akasema, "Nakushukuru kwa ukweli wako." Kisha akainama, akaandika. Wenzake wakapiga makofi. Mtu ananipigia makofi, na mimi moyoni nasema, haya, sasa sema lako, sema lako wewe, unangoja nini? Zamu ikapita kwake, akasema yeye alikosea kutogawa maji vizuri. Ikaenda kwa mwingine. Karatasi ikanifikia, na tayari nilikuwa nimesema mbele ya watu, ningeandika nini kingine? Nikaandika. Nikatia saini kwa mwandiko mzuri.

Kati ya wenyeji wanne kulikuwa na luteni mmoja ambaye wiki zote tatu hakuwahi kufungua mdomo ila kula. Kwenye duara alisema amejifunza mengi, akaketi. Tukienda kuoga akaninong'oneza, "Wewe nawe, mbona unaongea hivyo? Mimi huku niko na kazi moja tu, kunyamaza." Nikamwona mjinga.

Siku nne baadaye meja wetu akaniita. Zile karatasi zilikuwa mezani, maana wageni walituachia nakala kwa nia njema, eti tujifunze pamoja. Akanigeuzia moja.

"Hii ni saini yako?"

"Ndiyo, afande, lakini..."

"Saini haina lakini. Hapa umeandika mwenyewe kwamba uliwapoteza watu wanane, na afisa wa kigeni akaanguka."

"Afande, sikuwapoteza mimi. Nilisema hivyo kwa heshima. Yule ni mgeni."

Meja aliivuta ile karatasi upande wake. Yeye ni Mkamba kama mimi, na nadhani alinielewa vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma. "Heshima," akasema, "hubaki nyumbani kwa mama. Hukuambiwa na mtu uitie saini." Akafunga faili.

Nafasi ilipewa yule wa kunyamaza. Alikwenda, akarudi, akapanda cheo. Simchukii, ila simpigii simu. Mkataba wangu uliisha bila kuongezwa, na sababu iliyoandikwa ni mstari mmoja: upungufu katika usomaji wa ramani. Niliomba karatasi ile irekebishwe. Nikaandika barua, nikaandika nyingine. Kwao aliyesema ukweli ni mimi wa kwenye karatasi, na mimi niliyekuja kuikana nikaonekana ndiye mwongo. Nikarudisha gwanda. Sweta ya kijani nilimrudishia mama, akakataa kuipokea, akaipokea, na sasa huivaa asubuhi akikamua.

Miaka ikapita. Mwaka huu, mchana mmoja nikiwa zamu kiwandani, simu ikaleta ujumbe kutoka nambari ya nje. Ni yeye. Sasa ni meja, anafundisha kwenye mpango ule ule, na nambari yangu aliipata kwa yule mtu wa kunyamaza. Ujumbe ulikuwa mrefu na mtamu. Alisema kila mwaka huwasimulia maafisa wapya habari ya luteni wa Kenya aliyesimama mbele ya watu wote akalikubali kosa lake, na kwamba hajawahi kuona ujasiri kama ule. Akaniomba nizungumze nao kwenye simu, dakika kumi tu, waone uso wangu.

Kosa lake! Nilitembea ua mzima wa kiwanda nikitukana kwa Kikamba mpaka walinzi wakaanza kukaguana vifungo. Yaani mtu huyu alilibeba lile neno langu miaka yote akaligeuza somo, na hata siku moja hakugeuza ulimi upande wa pili akajiuliza ramani ilikuwa mikononi mwa nani. Nikamjibu, nitazungumza nao. Nilitaka alirudishe, basi. Nafasi ilishakwenda, cheo kilishakwenda, lakini nilitaka nimsikie akilirudisha kwa mdomo wake.

Nilikwenda Kivaa kwa ajili ya hiyo simu, Jumamosi mchana. Nilitaka mama awepo. Aliketi kando yangu na sweta yake, nyuma yetu likiwa pipa la plastiki lililochukua mahali pa mtungi, ambalo maji yake saa saba yanaweza kupika ugali. Nikaegemeza simu kwenye birika. Kwenye kioo wakatokea vijana kama ishirini, wa mataifa yao mbalimbali, nadhifu, wazuri, na mbele yao yeye, nyusi zile zile, tumbo limeanza. Akasimulia. Alisimulia vizuri, tope, joto, dada aliyeanguka, na mimi nikisimama. Wakapiga makofi tena. Makofi yale yale.

Kabla sijasema neno, binti mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Baada ya hapo," akaniuliza, "ulipokuja huku kwa muhula wako, ulipenda?"

"Sikuja," nikasema.

Mwenzangu wa zamani akacheka kidogo kwa aibu. "Ni kweli, hukuja. Tulifikiri umeolewa."

Aisee! Hapo ndipo heshima yote niliyozaliwa nayo ilipokauka. Niliwaambia. Sikupaza sauti. Niliwaambia nani alikuwa kiongozi wa siku, na ramani ilichorwa lini maji yakiwa wapi, na mara mbili nilizosema, na yule mnunuzi wa ng'ombe. Niliwaambia kwa nini nilisimama kwanza na nilikuwa nangoja nini nilipoketi. Niliwaambia karatasi ile ilifika mezani kwa nani na ikanifanya nini. Kisha nikawaambia ninafanya kazi gani leo. Hakuna aliyepiga makofi.

Yeye alikuwa anatazama meza. Masikio yamekuwa mekundu, kama siku ile chini ya turubai kabla sijamtangulia. Halafu akainuka, akasimama wima mbele ya wanafunzi wake.

"Lilikuwa langu," akasema. "Kosa lilikuwa langu. Nilijua siku ile."

Nilijua siku ile. Nikamtafsiria mama. Mama akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akashika kifua, akanigusa kwa kiwiko. "Amerudisha," akanong'ona. "Haya, mwanakwa, mjibu. Sema hapana, ni langu. Sema yaishe."

Nikanyamaza.

"Mjibu," mama akasema, sasa kwa sauti. "Mgeni umemwacha amesimama peke yake mbele ya watu."

Kule kwenye kioo alikuwa bado amesimama, mikono imekosa pa kwenda, vijana ishirini wakimtazama. Nilijua neno lenyewe, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na lingetoka bila hata kulifikiria.

"Asimame, mwaitu," nikasema, na nikazima simu.